Shajara ya mradi: sayansi mkononi mwa mpiga kura kijana, Mwanza

Wiki ya 1: Kuchagua mada na kuziacha nyingine

Lengo ni moja. Kijana wa miaka 18 hadi 25 anayeishi Mwanza akisikia ahadi inayohusu ziwa, maji ya bomba au samaki, aweze kuuliza swali ambalo kaulimbiu haiwezi kulijibu. Hatumwambii amchague nani. Wala hatufundishi namna ya kupiga kura: elimu ya mpiga kura ina utaratibu wake na kibali chake kutoka Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na anayeichanganya na somo la sayansi bila kibali anajitafutia kusimamishwa katikati ya kipindi. Sisi tunashughulika na sayansi iliyomo ndani ya maamuzi ya umma, tena nje ya msimu wa kampeni. Kampeni zikishaanza, hata kipimo cha maji husikika kama hotuba.

Vikundi ni vitatu: Igoma, Kirumba na Igombe. Kila kimoja kina watu 24, saa 2 kwa wiki. Idadi hiyo inagawanyika kwa meza 6 za watu 4. Meza ikifika watu 6, wawili hubaki watazamaji na simu zao.

Mada zilipita kwenye chujio la masharti matatu: awepo mtu au chombo chenye mamlaka ya kuamua, kiwepo kitu cha kupimika, na kipimo kifanyike kwa vifaa vya duka la ujenzi, duka la pembejeo au sokoni. Zilizopita ni gugu maji, maji ya bomba, urefu wa sangara, na ukijani wa mwani unaoota ghubani. Kichocho kimeingia kwa mlango wa pembeni, maana si haki kumpeleka kijana ufukweni bila kumweleza. Zebaki ya wachimbaji wadogo wa Geita tumeiacha ingawa vikundi viwili viliiomba. Kuipima kunataka maabara, na somo la zebaki lisilo na kipimo hugeuka kuwa la kutisha watu tu.

Jambo dogo lililotaka kutuharibia siku ya kwanza ni rangi. Kadi za kutabiri matokeo zilikuwa za kijani na nyekundu, "ndiyo" na "hapana". Dakika ya tano ukumbi ulikuwa umeshazisoma kama rangi za vyama na watu wakaanza kuinua kadi kwa mapenzi yao. Sasa kadi zote ni za boksi la kahawia, duara ni ndiyo, pembetatu ni hapana. Wawezeshaji hawavai kofia, kanga wala fulana yenye rangi ya chama chochote.

Wiki ya 2: Nani anaamua nini

Somo hili halina kifaa ila bila yake mengine yote yanapotea. Kila meza ilipewa maamuzi 12 kwenye vipande vya karatasi na kuyapanga chini ya mwenye mamlaka. Urefu wa sangara unaoruhusiwa uko kwenye kanuni za uvuvi zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003. Diwani hawezi kuubadilisha. Taka za mtaani na mitaro midogo huingia kwenye sheria ndogo za halmashauri. Bomba la maji ni la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, iliyo chini ya Wizara ya Maji. Doria ya mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, hufanywa pamoja na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo.

Meza nyingi zilimbebesha mwenyekiti wa mtaa kila kitu, kuanzia matundu ya nyavu hadi bei ya umeme. Tulilisisitiza hili mpaka likaeleweka: swali zuri ukimpelekea asiyehusika, unampa nafasi ya kuahidi asichokuwa na uwezo nacho.

Wiki hii pia tulitegesha chupa za jaribio la ukijani, kwa kuwa zinahitaji siku 14. Taarifa yake iko wiki ya 4, na si nzuri.

Wiki ya 3: Gugu maji

Tulianza kwa kosa linalofanywa na wazungumzaji wengi: kusema "gugu maji" kana kwamba ni mmea mmoja. Ghubani Mwanza kuna angalau mawili yanayosumbua. La zamani, lenye maua ya zambarau, asili yake Amerika ya Kusini, lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. La pili ni salvinia, iliyosumbua vivuko vya Kigongo–Busisi mwanzoni mwa 2025, miezi michache kabla ya daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa Juni mwaka huo.

Kila meza ilipata beseni lenye mimea yote miwili na kioo cha kukuzia. La zamani unalijua kwa kikonyo kilichovimba kama kitunguu; ukikikata kwa wembe ndani ni sponji ya vyumba vya hewa, ndicho kinacholielelesha. Kwenye jani utaona alama ndogo za mviringo, kama mtu amekwangua kwa ukucha, upana wa milimita 2 hadi 4. Hizo ni alama za kuliwa na mbawakawa wa jamii ya Neochetina, walioachiliwa ziwani miaka ya 1990 kulidhibiti. Salvinia ni tofauti kabisa. Jani lake ni dogo, likikua kwa kubanana hukunjwa katikati kama kitabu, na juu limejaa vinywele. Chini ya kioo kila kinywele kina matawi manne yanayokutana nchani na kufanya kizimba kidogo. Dondoshea tone la maji: halilowani, linakaa juu ya vizimba kama shanga, ukiinamisha jani linaviringika na kuanguka. Meza zote zilirudia tone hilo mara nyingi kuliko tulivyopanga, na tuliwaacha.

Tofauti hiyo inabeba sera. Mbawakawa wa Neochetina hawali salvinia. Salvinia ina mdudu wake mwingine, Cyrtobagous salviniae. Gugu la zamani huacha mbegu kwenye tope, na mbegu hizo hudumu hai zaidi ya miaka 15, kwa hiyo kulivuna mara moja hakulimalizi. Salvinia haitegemei mbegu, huzaliana kwa vipande. Mashine ikiikatakata bila kuikusanya imeipanda upya. Basi mtu akiahidi "tutaleta wadudu" au "tutaleta mashine", swali la kwanza ni: kwa gugu lipi?

Zoezi la maharage likafuata. Karatasi mbili za manila zimeunganishwa, zimechorwa miraba 32 kwa 32, kila mraba sentimita 2.5, jumla miraba 1,024. Punje moja mwanzoni, kisha unazidisha mara mbili kila mzunguko: 2, 4, 8. Baada ya kuzidisha mara 10 karatasi imejaa. Nusu kilo ya maharage inatosha. Kwenye maji ya joto yenye virutubisho vingi, gugu la zamani huongezeka maradufu kwa wiki 1 hadi 2 hivi. Kabla ya kuanza, kila mtu aliandika karatasi itakuwa imejaa nusu mzunguko wa ngapi. Wengi waliandika wa 5. Jibu ni wa 9.

Baada ya hapo tuliwaambia waondoe nusu ya maharage yote, kazi ya jasho, halafu wahesabu wamepata muda gani. Mzunguko mmoja. Kwa gugu lililo katika hali nzuri ya kuota, kuvuna nusu kunakupa wiki 1 hadi 2 tu. Hii haimaanishi uvunaji haufai, kwa sababu mwalo uliozibwa lazima ufunguliwe leo ili watu wavue. Ila bajeti ya kuvuna mara moja kwa mwaka haiendani na mmea wenyewe.

Mambo mawili huharibika hapa. Kwanza, kuhesabu punje moja moja kuanzia mzunguko wa 8 kunakula dakika 20 na kikundi kinachoka. Pima vikombe vya punje 128 mapema. Pili, watu huondoka wakiamini ziwa zima litafunikwa. Hapana. Karatasi haina upepo wala mawimbi, na katikati ya ziwa gugu husukumwa, hupasuliwa na kukosa chakula. Linastawi kwenye ghuba zilizotulia zinazopokea maji machafu. Sema hivyo kabla hawajasimama kuondoka.

Ukusanyaji wa mimea: reke yenye mpini mrefu, buti, glavu, usiingie majini, maana chini ya gugu hukaa konokono wa kichocho na wakati mwingine nyoka. Mimea isafirishwe kwenye ndoo yenye mfuniko na ikimaliza kazi ikaushwe juani kwenye saruji mpaka ivunjike mkononi. Hata kipande kimoja kisitupwe kwenye bwawa au mtaro.

Wiki ya 4: Chupa zilizokufa

Chupa za Igoma zilibaki nyeupe kama siku ya kwanza. Zilijazwa maji ya bomba, ambayo yamechujwa na kutiwa klorini. Mwani uliotakiwa kuota haukuwemo, na ambao ungebaki uliuawa. Za Kirumba zilijazwa maji ya ziwa lakini zikawekwa juani moja kwa moja zikiwa zimefungwa kizibo, zikapata moto na kunuka. Za Igombe zilitiwa mbolea "kijiko kidogo" badala ya kupimwa, zikawa na tope la kahawia. Hakuna kikundi kilichoweza kusema chochote kuhusu sababu ya ukijani, na hilo tuliliandika ubaoni kama matokeo, kwa sababu ndivyo lilivyo.

Utaratibu mpya ni huu, na kuanzia sasa haubadilishwi. Chupa 9 za plastiki angavu za lita 1.5, kila moja lita 1 ya maji. Maji yote yatoke ndoo moja ya maji ya ziwa, ikorogwe, ipitishwe kwenye kanga safu moja ili kupunguza vijidudu vinavyokula mwani. Chupa 3 za A haziongezwi kitu. Chupa 3 za B zinapata urea, mbolea yenye nitrojeni. Chupa 3 za C zinapata DAP, mbolea yenye nitrojeni na fosforasi.

Mizani ya jikoni haipimi gramu 1 kwa uhakika. Pima gramu 10 za DAP, ponda, yeyusha katika lita 1 ya maji, acha usiku kucha, chuja. Chukua mililita 100 za maji hayo, ongeza maji mpaka yafike lita 1. Sasa una gramu 1 kwa lita. Ya urea fanya vivyo hivyo, kwenye chupa yake. Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, weka mililita 5 za maji ya DAP katika kila chupa ya C. Hiyo ni takriban miligramu 1 ya fosforasi na miligramu 0.9 ya nitrojeni. Kwenye chupa za B weka mililita 2 za maji ya urea: nitrojeni ileile ya miligramu 0.9, bila fosforasi. Hapo ndipo ufundi wa jaribio ulipo. B na C zimelingana kwa nitrojeni, kwa hiyo zikitofautiana, kilichobaki ni fosforasi.

Kiasi hiki cha fosforasi ni kikubwa kuliko cha ziwani, kimewekwa makusudi ili jambo lionekane ndani ya siku 14. Lazima washiriki waambiwe mapema, wasije wakadhani chupa ni ziwa.

Chupa zikae ndani karibu na dirisha lenye mwanga bila jua la moja kwa moja, vizibo vimelegezwa, zitikiswe mara moja kwa siku na kubadilishana nafasi kila siku 2. Andika alama kwenye chupa, siyo kwenye kizibo. Vizibo hubadilishana vyenyewe.

Wiki ya 5: Lita milioni 48 ni nyingi kiasi gani?

Kati ya vipindi vyote, hiki ndicho tungekiokoa kama tungebakiwa na kimoja. Maji ya bomba ndiyo ahadi inayotajwa zaidi, na hutajwa kwa mamilioni ya lita ambayo hakuna anayeyapima kichwani.

Tulianza na namba za hadharani. Chanzo cha Capri Point kina uwezo wa lita milioni 90 kwa siku, cha Butimba lita milioni 48. Jumla 138. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 594,834 Nyamagana na 509,687 Ilemela, jumla 1,104,521. Gawanya: karibu lita 125 kwa kila mtu kwa siku, sawa na madumu 6 na ziada. Ukumbi wa Igoma ulicheka kwa uchungu, kwa kuwa wapo walionunua dumu asubuhi hiyohiyo.

Kisha tukaivunja hesabu yetu wenyewe. Kigawanyo si sahihi: maji ya Butimba yamepangiwa pia watu walio nje ya wilaya hizo mbili, upande wa Usagara na Kisesa. Na tangu sensa ifanyike mji umekua. Kigawanywa nacho si sahihi: uwezo wa mtambo siyo maji yaliyozalishwa leo, na yaliyozalishwa siyo yaliyofika. Viwanda, hospitali na hoteli vinatumia. Mabomba yanavuja, dira mbovu hazihesabu, wengine wamejiunganishia. Tuseme kwa mfano wa darasani asilimia 30 inapotea njiani: zinabaki lita milioni 96.6, au lita 87 na kitu kwa mtu kwa kigawanyo kilekile. Asilimia hiyo ni ya kufanyia zoezi tu; ya kweli mwananchi ana haki ya kuiuliza, na jina lake ni maji yanayopotea.

Bado kuna fumbo: kama maji yapo, kwa nini koki ya mlimani imekauka na ya bondeni inatiririka? Mwanza imekaa juu ya mawe, na fizikia yake yote imo kwenye ndoo na mpira.

Vifaa: ndoo ya lita 20 yenye koki chini, mpira angavu wa mita 10, jagi la lita 1, saa ya simu, futi. Ndoo ikae juu ya ngazi, mita 2 kutoka sakafuni. Shika ncha ya mpira sentimita 50 chini ya usawa wa maji ya ndoo, pima sekunde za kujaza jagi. Rudia sentimita 100, 150, 200. Mtu mmoja aongeze maji kwenye ndoo muda wote ili usawa usishuke. Bila yeye vipimo vya mwisho hutoka polepole na darasa linapata sheria isiyokuwepo. Mpira ujazwe maji kabisa kabla ya kuanza. Kiputo kimoja cha hewa kwenye mkunjo kinaweza kuuzuia mtiririko, na hicho ndicho kikohozi kinachosikika kwenye koki maji yanaporudi baada ya mgao.

Baada ya kupima, mtu apandishe ncha ya mpira polepole. Mkondo unapungua, unakuwa uzi, unakuwa matone. Ncha ikifika usawa wa maji ya ndoo, maji yanasimama mdomoni mwa mpira, yamevimba kidogo, hayadondoki. Ishushe kwa upana wa kidole, yanadondoka. Pale ndipo watu wanaoishi juu ya tenki walipojiona.

Kila mita 10 za kimo ni takriban bar 1 ya msukumo. Nyumba iliyo mita 40 juu ya tenki inataka pampu inayoshinda bar 4, bado msuguano wa bomba. Msuguano tuliupima kwa kulinganisha mpira wa mita 10 na kipande cha mita 2 chenye upana uleule, kimo kilekile: mrefu huchelewesha jagi waziwazi. Bomba jembamba lililovutwa mbali na kugawiwa nyumba nyingi ni mpira wetu, ila umezikwa.

Kwa hiyo "tutaongeza lita milioni kadhaa" ni nusu ya jibu. Maswali yaliyoandikwa na kikundi cha Igoma mwisho wa kipindi: Tenki la eneo letu liko kimo gani ukilinganisha na nyumba ya juu kabisa? Pampu ikikosa umeme kuna akiba ya saa ngapi? Maji yanayopotea ni asilimia ngapi mwaka huu na mwaka jana? Hatukuyahariri.

Wiki ya 6: Sangara, sentimita 50 na 85

Kanuni za uvuvi za 2009 ziliruhusu sangara wa sentimita 50 hadi 85. Mpaka wa chini unaeleweka upesi: mwache azae kabla hujamvua. Wa juu huzua ubishi, hasa Igombe, ambako watu wanajua bei. Jike kubwa la sangara hubeba mayai kwa mamilioni, mengi kupita majike kadhaa madogo yakijumlishwa, na madume hukomaa wakiwa wadogo kuliko majike. Ukivua wakubwa wote umeondoa hasa akina mama. Upande wa pili kuna bondo, kibofu cha hewa kilicho tumboni mwa samaki. Mabondo ya sangara husafirishwa kwenda Asia, na bondo likiwa kubwa bei kwa kilo hupanda. Mpaka wa juu humwomba mvuvi amrudishe majini samaki mwenye thamani kubwa kuliko wote, ambaye mara nyingi ameshakufa wavuni. Huo ni mvutano wa kweli, na wavu hausomi kanuni. Ukubwa wa tundu huamua nani ananasa, na wavu ulioungwa kwa urefu wa kwenda chini, makila, hubadilisha kina anachonaswa.

Ubao wa kupimia: mbao iliyonyooka ya mita 1.2, kipande cha mbao kimegongewa upande mmoja kama kizuizi, futi ya chuma imebandikwa, sifuri ikigusa kizuizi. Pua ya samaki iguse kizuizi, mdomo umefungwa, mkia umelazwa, soma ncha ya mkia. Futi ya fundi cherehani haifai: hupitishwa juu ya tumbo na kumwongezea samaki sentimita kadhaa asizokuwa nazo. Samaki aliyeganda kwenye barafu akiwa amejikunja hupungua. Watu 3 wampime samaki mmoja, kila mmoja aandike bila kusikia mwenzake. Kwa samaki wa sentimita 49 hadi 51 majibu hugongana, na hapo vijana wanaelewa kwa nini anayekamata na anayekamatwa wanaweza wote kuwa wakweli.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa letu la kupanga. Tuliwapeleka mwaloni asubuhi kupima samaki walioletwa kwa wachakataji, na karibu wote walikuwa ndani ya kanuni. Washiriki wakahitimisha uvuvi haramu umekwisha. Samaki wachanga hawapiti mezani pale. Hupita njia nyingine, saa nyingine, au hukaushwa kabisa. Tulichopima ni samaki walioletwa ili waonekane. Tumeongeza nusu saa ya kuchora njia zote za samaki kutoka mtumbwini, na kutia alama ile moja tuliyoiona.

Swali lililorudi kila kikundi: kama 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi 3, kwa nini Victoria lisifungwe? Sayansi inaweza kusema samaki gani huzaliana lini, na mavuno yalikuwaje kabla na baada, mradi kabla yenyewe ilipimwa. Haiwezi kusema familia ya mwaloni ile nini kwa miezi hiyo, wala nani alipe. Hilo ni la kupigia kura.

Wiki ya 7: Kichocho, na chupa zimesomwa

Kichocho kwa ufupi. Hauambukizwi kwa kunywa maji machafu kama kuhara; kijidudu hutoka kwa konokono na kupenya ngozi. Praziquantel huua minyoo iliyokomaa mwilini lakini haikukingi ukirudi majini kesho. Mgombea anayeahidi dawa peke yake aulizwe kuhusu vyoo vya mialoni, na anayeahidi vyoo peke yake aulizwe kuhusu dawa. Washiriki walielewa haraka, tukaendelea.

Chupa sasa. Kipimo: karatasi yenye msalaba mweusi nyuma ya chupa, mtu aliye mita 1 mbele anasema kama anauona. Siku ya 14 vikundi vyote vitatu vilikuwa na jambo lilelile: A na B karibu zinafanana, C za kijani na msalaba umepotea. Chupa moja ya C ya Kirumba ilibaki angavu; ilikuwa imesahaulika nyuma ya nguzo, gizani. Hatukuitupa. Imesaidia kueleza kwamba chakula bila mwanga hakitoshi.

Tuliwauliza fosforasi inaingiaje ghubani. Walitaja vyoo, Mto Mirongo, sabuni, mbolea. Zote sahihi. Hawakutaja hewa. Tafiti za ziwa hili zimeonesha sehemu kubwa ya fosforasi huingia kutoka juu, vumbi na majivu ya kuchoma mashamba na nyika, yakishuka yenyewe au na mvua. Hivyo kuziba mifereji ya maji taka ya jiji kutasaidia sana ghuba, lakini hakutalisafisha ziwa zima, na anayeahidi la pili kwa kufanya la kwanza anaahidi kupita kiasi.

Onyo tulilolirudia mara mbili kwa kila kikundi: baadhi ya bakteria wa kijani-buluu hutoa sumu, na kuchemsha hakuiondoi. Kuchemsha kunaua vimelea vya kipindupindu; kwa maji yenye utando wa kijani, suluhisho ni kutoyatumia na kuteka kwingine. Watu wengi wazima hawalijui hili, na ni hatari kulikosea.

Kisahani cha Secchi, cha kupimia uangavu wa maji, kilitumika Igombe kutoka kwenye gati: bati la duara la sentimita 20, robo nyeusi na nyeupe, uzito wa nusu kilo chini, kamba yenye mafundo kila sentimita 10. Kamba ya pamba ilisinyaa ilipoloa, mafundo yakadanganya; loweka kwanza, ndipo upige mafundo. Soma kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, upande wa kivuli. Chukua kina kinapopotea na kina kinaporudi, tafuta wastani.

Wiki ya 8: Kadi ya maswali

Kadi ya mwisho ina mistari minne tu: Kimepimwa nini? Kimelinganishwa na nini? Kwa muda gani? Nani anabeba gharama? Mstari wa nne si wa sayansi, na umepigiwa mstari mzito kuutenga na mitatu ya juu. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maswali 11, na katika igizo la mkutano wa hadhara hakuna aliyefika la 5 kabla kipaza sauti hakijachukuliwa.

Katika igizo, anayecheza mgombea hupewa maelekezo ya kujibu kwa ukarimu na bila namba: "Kijana wangu, hilo tunalifanyia kazi." Muulizaji anaruhusiwa sentensi moja ya kufuatilia. Iliyofanya kazi zaidi ni hii, kwa heshima zote: "Asante mheshimiwa; mwakani nikija kupima, nitegemee kuona namba gani?" Zilizoshindwa ni zile zilizoanza na hotuba ya muulizaji mwenyewe.

Wiki ya 9: Kukabidhi masanduku

Kila kikundi kimebaki na sanduku: ubao wa samaki, mpira wa mita 10 na kipande cha mita 2, jagi, kisahani na kamba iliyokwisha kulowekwa, manila ya miraba, vikombe vya punje 128, mabomba 4 ya sindano, kioo cha kukuzia, kadi za boksi. DAP na urea havimo. Hunyonya unyevu, hivyo vinunuliwe robo kilo wakati wa kutumia. Igoma bado wanahitaji koki mpya ya ndoo, iliyopo inavuja na inaharibu kipimo cha sentimita 50.

Maji ya chupa za C yamemwagwa kwenye udongo chini ya miti ya kivuli nyuma ya ukumbi, kwa glavu, na chupa zimetobolewa zisije zikatiwa maji ya kunywa. Hayakumwagwa mtaroni. Mtaro ule unaingia Mirongo.